Hapa Si Hoteli

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeambiwa nina hoteli.

Aliyeniletea habari hiyo ni afisa leseni wa manispaa, mwanamume mpole mwenye koti la mvua lililomzidi mabega. Masika yameanza juzi, na alisimama barazani kwangu akichuruzika maji juu ya sketi za shule nilizokuwa nimemaliza kuzipiga pasi. Akauliza kibao cha hoteli kiko wapi. Nikamwuliza hoteli gani. Akasema hii. Nikageuka kutazama nyuma yangu, nisije nikawa nimepitwa na jambo nyumbani kwangu mwenyewe. Nyuma yangu palikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na mama yangu akichagua mchele.

Hoteli yenyewe inaitwa Utulivu. Kwenye karatasi zake kiwanja ni changu, mtaa ni wangu, na mmiliki ni mimi. Hoteli isiyo na kibao inatozwa faini, akasema, na isiyo na mtungi wa kuzimia moto inatozwa nyingine. Nilimweleza kwamba mimi ni fundi cherehani, kwamba moto pekee humu ndani ni wa pasi na wa jiko, na kuhusu utulivu, aje siku moja Mama akiwa anasikiliza redio.

Amesema atarudi. Hana ubaya. Lakini sketi tatu imebidi nizipige pasi upya.

Jumatano, 6 Machi

Kikao cha Bunge kinaanza kesho, kwa hiyo Mheshimiwa amewasili. Mheshimiwa ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, niliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukachukua umbo lake. Jimbo lake liko mbali, Bunge liko hapa mjini, na tangu achaguliwe hulala kwetu kila kikao. Mama humtandikia mwenyewe, shuka nyeupe, na haruhusu mtu kusaidia. "Mwanangu alale hotelini nami ni mzima?" husema, hata kama hakuna aliyetaja hoteli.

Chumba chake ni kile cha uani. Paa linavuja upande wa miguuni mwa kitanda, na hapo huweka beseni la bluu. Kila kikao Mheshimiwa huahidi kuleta bati. Ameahidi tena leo, huku akinikabidhi shati lililokatika vifungo.

Sikumwuliza habari za hoteli. Nilitaka kwanza nimtazame akila. Alikula vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Matone yanamnyima Mheshimiwa usingizi. Nimetia kitambaa cha flana ndani ya beseni. Maji yanaingia vilevile, ila kimyakimya.

Jumatatu, 11 Machi

Nilimwuliza wakati wa chai, Mama akiwa bafuni. Nilisema tu kwamba afisa leseni amepita kuulizia Hoteli Utulivu.

Akacheka. Ana kicheko kizuri, ndicho kilichomshindia uchaguzi. Akasema, "Dada, hayo ni mambo ya ofisi." Mbunge asiye na makazi mjini hupewa posho ya malazi, akaeleza, lakini wahasibu ni watu wagumu, hawakubali mpaka waone stakabadhi ya hoteli iliyosajiliwa. Sasa yeye angefanya nini, naye halali hotelini? Ilibidi hoteli ipatikane. Aliisema kama mtu anayesimulia alivyokwepa dimbwi.

Nikauliza imesajiliwa kwa jina la nani. Alikuwa akipaka siagi kwenye mkate, akaipaka mpaka pembeni kabisa, pale ambapo watu wengi huacha.

"Lako. Nilitaka jina la mtu mwaminifu."

Mama akatoka bafuni, tukazungumzia mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Redio imesema wakaguzi wamewakuta wabunge kadhaa waliolipwa malazi wasiyoyalala. Majina hayakutajwa. Spika amesema jambo hilo liko mikononi mwa kamati ya maadili, na kwamba atakayerejesha alichochukua kimakosa atahesabiwa kuwa amelimaliza. Neno "kimakosa" alilisema kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Mama akasema basi si wamesema watarudisha, makelele ya nini.

Chumbani tulikuwa watatu. Wa tatu ni jirani yangu, Mpishi, ambaye sasa hunisaidia kutia vifungo na pindo. Alipika shuleni tangu binti yangu, ambaye sasa ameolewa, akiwa darasa la kwanza, mpaka mwaka juzi alipofungwa miezi sita kwa dumu la mafuta ya kula. Alipotoka hakuna jiko lililomtaka, nami nilihitaji mikono. Ni mtu asiye na maneno. Aliposikia habari ya redio alikata uzi kwa meno, akachukua kifungo kingine.

Mama alipokwenda kulala kidogo mchana, Mpishi akasema bila kuinua macho, "Mimi nililirudisha lile dumu, Fundi."

Sikujua. Tumekaa meza moja muda wote huu nami sikujua. Alilirudisha stoo mwenyewe kabla hajaitwa polisi, kwa sababu mwalimu mkuu alimwambia ukirudisha yataisha. Hakimu akamwambia kule kurudisha ndiko kunakothibitisha kwamba alichukua.

Nikamwuliza kama ana hasira na wabunge hao. Alifikiri kwanza. Akasema hataki mtu afungwe, jela kuna baridi. "Nataka na wao wasimamishwe pale, waitwe kwa jina, waulizwe: kweli au si kweli? Basi. Kisha hakimu aone mwenyewe."

Sikumwambia kwamba mmoja wao amelala chumba cha uani na suruali yake iko mezani kwetu inasubiri zipu.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Zipu nimeitia. Nimeitia vizuri, kazi ni kazi.

Jumapili, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mheshimiwa hakwenda popote. Alikuja chumba cha kazi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kusifia mishono yangu. Mtu anayesifia mishono asiyetaka nguo anataka kitu kingine.

Kamati imemwandikia. Jina lake limo. Lakini hakuna la kuogopa, akasema, kinachotakiwa ni barua fupi kutoka kwangu: kwamba mimi ndiye mwenye Hoteli Utulivu, kwamba yeye alikaa hapa kama mteja, na kwamba nilimtoza nikalipwa. Yeye atakuwa msafi. Mimi nitabaki na kosa dogo la leseni, na faini ataitoa yeye mfukoni. Barua ilikuwa imeshachapwa. Mahali pa saini pamewekwa mstari mzuri kabisa.

Nikamwuliza, wakija kutaka kujua fedha hizo nimezipeleka wapi? Akasema hawatakuja. Nikasema afisa leseni naye hatukumtegemea.

Nikamwuliza kwa nini asirejeshe tu kama Spika alivyosema. Akasema hiyo haimhusu. Kumbe kurejesha ni kwa waliokosea hesabu. Aliyeandikisha hoteli isiyokuwepo hakukosea hesabu, amejenga.

Akaanza kujitetea, nami namwandikia hapa kwa haki, maana alijitetea vizuri. Alisema wote hufanya hivyo. Alisema simu yake hailali, jimboni wanamwomba karo, dawa, nauli, hata jeneza, na hakuna posho inayoitwa posho ya majeneza. Hilo ni kweli, nimeiona hiyo simu. Tena akasema jambo ambalo halijanitoka mpaka sasa.

"Leo watanipeleka mahakamani kwa ajili ya kitanda. Kesho mbunge yeyote akiwasema wakubwa, watamtafutia na yeye kitanda chake. Unadhani wataanza na rafiki zao?"

Niliendesha cherehani kwanza. Nikishona hufikiri, nisiposhona husema tu. Kisha nikamwambia kwamba hofu hiyo naielewa, na dawa yake ni kesi yenyewe iwe wazi, milango wazi, kila mtu aje asikie nani kafanya nini. Nikasema kamati yao yenye mlango uliofungwa, ya watu waliolala kwenye hoteli za aina ileile, hainitoi hofu hata kidogo.

Nikamtajia Mpishi na dumu lake lililorudishwa.

"Dada, ule ulikuwa wizi."

"Na huu?"

"Huu ni matumizi yasiyozingatia taratibu za posho."

Kosa la Mpishi lilikwenda mahakamani peke yake kwa miguu. La mdogo wangu linatembea na msafara.

Sauti zetu zilimleta Mama. Hakuuliza kisa. Alimwona mwanawe amekaa mikono kati ya magoti, akaona inatosha. Akaniambia nimtilie saini, mambo ya ofisi yaishe, watu wapate kula. Katika nyumba hii Mama hajawahi kuniomba kitu nikakataa. Nimekataa. Nilisema polepole ili nisiseme mara mbili, kwamba siwezi kuandika nimepokea nisichopokea, hata kwa aliyelala mgongoni mwangu.

Mheshimiwa aliacha barua mezani, akasema nitafakari. Ni karatasi nzuri, ngumu, haijikunji. Nimeikata kuwa kielelezo cha kola, cha kukatia kitambaa.

Jumatatu, 18 Machi

Mama hasemi nami. Husema na sufuria, kwa sauti ya kunifikia.

Jumatano, 20 Machi

Mwalimu mkuu amenitumia mtu. Sare za muhula ujao hazitashonwa kwangu tena, "mpaka mambo yatulie." Mambo gani, mtu hakuambiwa. Nilimpa chai. Nikamwonyesha sketi zilizo tayari, akaziangalia kama mtu anayeangalia maiti asiyemfahamu.

Mpishi alisubiri aondoke, akasema kama ni yeye anayeniletea mkosi atabaki kwake. Nikamwambia mkosi huu ni wa ukoo, hauhitaji msaada wa majirani.

Ijumaa, 22 Machi

Afisa leseni amerudi na koti lake. Safari hii ana faini mkononi. Alionekana kuona haya, akaniambia pembeni kwamba amepigiwa simu kutoka juu ashughulikie hoteli hii leo hii, na kwamba yeye binafsi haoni hoteli, lakini karatasi inaiona. Kosa la kwanza ni kukosa kibao.

Nikamwuliza kibao lazima kiweje. Akasema kiwe kikubwa, kionekane kutoka barabarani, na kiseme ukweli kuhusu huduma inayotolewa.

Nikamwambia mpaka kesho nitakuwa nimetimiza sheria.

Jumamosi, 23 Machi

Mchoraji wa vibao alikuja na rangi zake jua lilipochungulia. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika na maneno. Akapendekeza tuchore na kitanda. Nikakataa, kisha nikakubali, kitanda chenye mstari mwekundu kukikata katikati. Kibao kimetundikwa getini, herufi nyeusi juu ya nyeupe:

HAPA SI HOTELI. HAKUNA ALIYEWAHI KULIPA. USHONAJI TU.

Mheshimiwa alirudi jioni kutoka Bungeni, gari likasimama getini muda mrefu bila mlango kufunguliwa. Kisha likaondoka. Dereva alikuja baadaye kuchukua begi na shati, akasema bosi atakaa kwa rafiki. Mama alimpa dereva chakula kimefungwa kwenye kitambaa, sehemu ya mwanawe. Halafu akakaa kwenye kitanda cha uani, juu ya shuka nyeupe, mpaka nilipomwita kula. Hakuja.

Nimeandika hapo juu kana kwamba ilikuwa siku ya kuchekesha. Mchana ilikuwa.

Jumatatu, 25 Machi

Watu wanapiga picha kibao changu. Wengine wanasimama mbele yake na miamvuli kama maharusi. Nasikia kimefika kwenye simu za watu mpaka Bungeni, na kwamba leo mbunge mmoja alipoulizwa anaishi wapi, wenzake waliguna "si hoteli."

Wateja wapya wawili. Mmoja anataka suti, mwingine nadhani anataka tu kuona ndani. Nimempima huyo wa pili pia.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Beseni la uani limefurika kwa sababu hakuna anayelala huko wa kulimwaga.

Jumanne, 2 Aprili

Leo amekuja wakili wa serikali, mwanamke wa makamo anayevua viatu mlangoni bila kuombwa. Alikuwa na mpelelezi wa kuandika maelezo. Alimpa Mama shikamoo, Mama akaipokea akiwa ameangalia ukuta.

Wakili alikuwa mkweli. Wakubwa zake wangependa jambo lifie kwenye kamati. Yeye hapendi. Lakini ili kumshtaki mbunge anahitaji kuthibitisha kwamba alilala hapa bila kulipa, naye ameshajibu kwa maandishi kwamba hapa ni hoteli na dada yake anaficha mapato. Kwa hiyo ni mmoja kati ya wawili: ama mdogo wangu amedanganya ili alipwe, ama mimi nimekula fedha ninayoikana. Mmoja wetu atakwenda kujibu. Alilisema hilo akinitazama usoni, nikampenda kwa hilo.

Nilimweleza yote. Akasema haitoshi. Mtetezi yeyote atasema nina ugomvi na ndugu yangu, hata kibao kitaletwa kama ushahidi wa chuki. Anahitaji mtu mwingine wa nyumba hii. Sote watatu tukageuka kwa Mama bila kukusudia.

Mama akasema yeye hana neno. Hatamsema mwanawe mbele ya watu wageni. Akakunja mikono, na Mama akikunja mikono hata madaktari huondoka.

Wakili hakumsukuma. Aliniuliza tu kama ile barua niliyotakiwa kusaini bado ipo. Nikasema ipo, ila sasa ni kola. Nikamletea vipande, akavipanga mezani juu ya kitambaa cha mteja, akaanza kusoma kwa sauti ili mpelelezi aandike. Kwamba mteja alipewa chumba kimoja chenye kitanda. Kwamba alitozwa kitanda, kila usiku. Kwamba alitozwa kifungua kinywa. Kwamba alitozwa ufuaji na utandikaji wa shuka.

"Alitozwa na nani?" Mama akauliza.

Wakili akajibu kwamba alitozwa na wenye nyumba, kulingana na barua.

"Nani kasema hivyo?"

"Mwanao, Mama. Ndivyo alivyoiandikia na kamati."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku zote hizi Mama na mimi tulikuwa tunagombania vitu viwili tofauti. Yeye aliposikia posho, alidhani serikali imemwongezea mwanawe kidogo, nao sasa wanamwonea wivu. Hakuna aliyemwambia kwamba ili alipwe, mwanawe ameandika kwamba mama yake alimtoza kitanda.

Alinyanyuka. Aliingia chumbani kwake, tukadhani ndiyo mwisho. Akarudi amejifunga kitambaa cha kichwa kile cha kutokea, akakaa wima kwenye kiti cha wateja.

"Mimi nimtoze mwanangu shuka?" Hakupandisha sauti. "Mimi, niliyemzaa, nimwandikie hesabu ya mayai? Watu wasome huko kwamba mwanangu alikuja kwangu nikamtoza?" Akamgeukia mpelelezi. "Wewe una kalamu. Andika. Mwanangu hajawahi kulala hoteli katika mji huu, na hatalala nami ni mzima. Amelala kwangu kila kikao. Shuka natandika mimi. Hajatoa hata senti, na angetoa ningemrudishia na kofi. Umeandika kofi?"

Mpelelezi akasema ameandika.

"Haya. Nisomee."

Alisomewa, akatia dole gumba kwa nguvu mpaka meza ikasogea. Wakili alipoondoka, Mama alifua zile shuka nyeupe upya, kwenye mvua, kana kwamba kuna mtu amezikanyaga.

Jumatano, 3 Aprili

Mama amesema nami. Amesema chumvi imezidi.

Alhamisi, 11 Aprili

Mheshimiwa alimpigia Mama. Sikuuliza, lakini kuta zetu ni nyembamba na mimi nina masikio ya fundi. Nadhani alimwomba afute maelezo, aseme hakuelewa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama amekula. Halafu akamwambia: "Mwanangu, ungeniambia una shida ningeuza kitanda chenyewe. Sasa umekiuza wewe, nami nimelala juu yake." Akakata. Akakaa na simu mapajani muda mrefu, asijue kuizima taa yake.

Nimemsema Mama moyoni mara nyingi kwamba anampendelea. Anampendelea. Sikujua kwamba mtu anaweza kumpendelea mwanawe na bado asikubali kudanganya kwa ajili yake. Nilidhani ukali huo ni wangu peke yangu, nimejifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia vitambaa. Kumbe nimerithi.

Jumanne, 16 Aprili

Bungeni wamechachamaa. Mmoja amesema wakianza kushtakiwa kwa ajili ya posho, hakuna mtu mwenye akili atakayegombea tena. Mpishi akauliza kwa nini, kwani mpishi mpya hakupatikana shuleni?

Jumatatu, 29 Aprili

Mahakamani.

Nilidhani ningeona fahari, au uchungu, kitu kimoja chenye jina. Nilichoona ni kola ya mdogo wangu. Amekonda, na shati lilikuwa limemwachia shingoni, na mikono yangu ilikuwa inataka kulipunguza. Alisimama mahali pa mshtakiwa, penye ubao uliolainishwa na viganja vya watu. Mpishi, aliyekaa kati yangu na Mama, aliniambia kwa sauti ndogo kwamba pale mbele kuna msumari, asipoangalia utamchana kiganja.

Chumba kilijaa. Waandishi, wabunge wenzake kadhaa waliokaa karibu na mlango, watu wa mtaani kwetu waliokuja na miamvuli yao ikichuruzika. Milango wazi, kama nilivyotaka. Karani akamwita kwa majina yote, lile la shule na lile la baba yetu, bila "Mheshimiwa" mahali popote. Akamsomea shtaka la kujipatia fedha kwa udanganyifu, kwa Kiswahili chepesi ambacho hata Mama alikifuata. Kisha hakimu akauliza, kama anavyowauliza wote:

"Kweli au si kweli?"

Mdogo wangu akatazama kwanza kwa wakili wake, halafu kwa wale wa mlangoni, halafu bahati mbaya akatukuta sisi.

"Si kweli," akasema.

Mama alifumba macho. Mpishi alikuwa ameinama mbele, kama anayesubiri sufuria ichemke, sasa akaegemea nyuma.

"Kumbe mtu anaweza kusema si kweli," akanong'ona. "Mimi niliposimama pale nilisema kweli."

Dhamana ilipatikana. Kesi itasikilizwa katikati ya Mei, na mashahidi wa kwanza ni mimi na Mama. Hakimu ameonya pande zote: mshtakiwa na mashahidi wasizungumze neno lolote kuhusu kesi.

Ijumaa, 3 Mei

Mwalimu mkuu ametuma mtu kuulizia zile sketi. Nimemwambia ziko, bei ni ileile, na nipewe hiyo oda kwa maandishi. Na kwamba pindo zimeshonwa na Mpishi, akitaka atazame, hakuna mafuta.

Alhamisi, 9 Mei

Afisa leseni alipita. Faini ya kibao imefutwa. Ameomba apige picha nacho.

Jumatatu, 13 Mei

Kesho tunasikilizwa. Tulidhani masika yamekwisha, lakini tangu mchana imenyesha kama inayomalizia deni.

Jioni Mama alipata habari, sijui kwa nani, kwamba mdogo wangu ameingia mjini na amechukua chumba hotelini. Hoteli ya kweli, karibu na mahakama, kwa fedha yake. Mimi niliona ni jambo la busara kabisa, la kisheria, na pengine la kwanza la uaminifu alilofanya mwaka huu. Nikamwambia Mama hivyo. Nikamwambia pia kwamba si vizuri mshtakiwa alale nyumba moja na mashahidi wawili. Mama alikuwa tayari amejifunga kitambaa cha kutokea na anatafuta mwamvuli. Nikamkumbusha onyo la hakimu.

"Hakimu kasema isiongelewe kesi," akajibu. "Hakusema alale kwa watu."

Walirudi wameloa wote wawili, Mama mbele, mbunge nyuma na begi. Pale getini alisimama kukisoma kibao, ingawa nadhani anakijua kwa moyo. Alikula. Hakuna aliyesema jambo lolote la kesi, tulikuwa raia wema sana. Mama alitandika shuka nyeupe, akatoa ya ziada. Kesho asubuhi atavaa nguo yake ya kutokea, atakwenda kuwaambia watu wote alichomwambia mpelelezi, na kofi lake limo. Nilimwona anavyozinyoosha zile pembe, wala sikuona tena mambo mawili yanayopingana.

Nilipopita ukumbini mdogo wangu alinizuia. Aliniambia amelipia chumba kule na hawakumrudishia, wamempa stakabadhi tu. Akanionyesha, kama alivyokuwa akinionyesha goti lililochubuka. Hoteli ya kweli, muhuri wa kweli, na kitanda ambacho hajakilala. Nadhani alitaka nicheke. Ningecheka siku nyingine.

"Dada," akasema, "kesho utasema?"

Nikamwambia hatuongelei kesi. Nikamwambia shati la kesho alilete nilipunguze shingoni, asisimame pale kama mtu aliyeazima nguo. Na mikono aiangalie, kuna msumari.

Alilileta. Nimelipunguza, nimelipiga pasi, nimelitundika mlangoni kwake. Kisha nimeweka beseni la bluu miguuni mwa kitanda, maana bati halijaja.

Kitambaa cha flana cha kuzima matone sijakitia.